Pambo Linaloshika

Mimi ni kijana wa kiume wa miaka ishirini na minne, nimemaliza kidato cha nne, na kazi inayonilisha ni kukata maua ya karatasi. Nimeanza na hilo makusudi, ili kama unataka kucheka ucheke mapema tumalizane. Washikaji wa kijiweni kwetu Temeke walishacheka wakachoka. Mmoja anaendesha bodaboda, mwingine anabeba mizigo sokoni, na mimi eti "fundi maua". Ukiongeza kwamba usiku natunga riwaya, na riwaya yenyewe imeshajaza kauntabuku tatu bila mchapishaji hata mmoja kuiona, hapo ndipo wanaposhika mbavu kabisa.

Sina ugomvi nao. Lakini nataka kuieleza kazi hii, kwa sababu jarida hili linasomwa na watu wanaotamani kuandika kama mimi, na kwa sababu mwaka jana kazi hiyo ilitoka dukani ikanifuata mpaka nyumbani, kwa bibi yangu.

Duka ninalofanyia kazi liko Kariakoo, ghorofani, chumba kimoja chenye feni moja. Tunatengeneza kadi za harusi, za sendofu, za kipaimara, na zile kadi za mchango ambazo kila mtu mjini anazijua na kuziogopa. Kadi yenyewe huchapwa kwa mashine kwingine. Sisi watatu tunaokaa nyuma, kazi yetu ni kile kinachobandikwa juu: ua, kipepeo, utepe wa karatasi, herufi mbili za bwana na bibi harusi zilizofungamana.

Watu hudhani ni mkasi na gundi tu. La hasha. Kwanza kuna karatasi. Ile ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba; ukiikatia ua, linalala kama jani lililopigwa na jua. Sisi tunatumia manila, kuanzia gramu 160 mpaka 300. Na manila nayo ina njia yake. Nyuzi za karatasi hulala upande mmoja, kufuata mwendo wa mashine iliyoitengeneza kiwandani. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unakaa safi kama pasi ya suruali. Ukikunja kinyume, karatasi inapasuka mgongoni na kuonyesha weupe wa ndani. Hakuna alama ya kukuonyesha. Unaishika kwa mikono miwili, unaipinda kidogo huku na huku, na upande unaotii ndio wenyewe. Mama aliyenifundisha kazi alinikalisha wiki nzima kupinda manila tu, bila kukata hata jani moja.

Halafu kuna kalibu. Sisi dukani tunaiita dai, wala si dai la deni, ingawa mwenye duka hupenda utani huo kila mwisho wa mwezi. Ni chuma chembamba chenye ukingo mkali uliofuata umbo la kitu, tuseme ua la petali tano. Unaweka bamba la plastiki, juu yake manila, juu yake dai, makali yakitazama chini, kisha bamba jingine. Mkate huo wote unaupitisha kati ya rola mbili kwa kuzungusha mkono wa mashine. Unasikia mlio mdogo, krrk, na ua limetoka. Moja halina maana. Kata matatu ya ukubwa tofauti, kunja petali kwa ncha ya kalamu, yapandishe moja juu ya jingine, na hapo ndipo linapoanza kufanana na kitu kilichoota.

Na mihuri. Ya dukani ni ya mpira, inatoka nje. Mimi hupenda kujichongea mwenyewe, kwa wembe, kwenye ufutio wa shule au kwenye soli ya ndala iliyokwisha. Muhuri una sheria yake moja: chonga kinyume. Herufi ikiangalia kulia kwenye mpira, itaangalia kushoto kwenye karatasi. Na unachokiona baadaye si ulichochonga, ni ulichokiacha. Hilo la pili nilikaa nalo sana.

Sasa ukweli wa biashara. Kadi ya karatasi inakufa. Siku hizi watu hutumiwa kadi kwa WhatsApp, ina maua yanayocheza na muziki, na mlangoni ukumbini unaonyesha mraba wa vidoti kwenye simu, kijana anaupiga picha, mashine inasema wewe ni singo au dabo, unaingia. Ni rahisi, ni nafuu, wala siwalaumu. Lakini dukani tulikuwa sita, tumebaki watatu, na kila mwezi naiangalia ile feni nikijiuliza ni nani atakayeizima mara ya mwisho.

Katika kujiuliza huko nikatafuta kujua kazi hii imetoka wapi, nikamkuta mwanamke mmoja wa Marekani, Esther Howland. Alizaliwa mwaka 1828 katika mji wa Worcester, Massachusetts, akamaliza masomo yake Mount Holyoke mwaka 1847. Baba yake alikuwa na duka la vitabu na karatasi. Binti akaletewa kadi ya Valentino kutoka Uingereza, yenye karatasi iliyotobolewa kama lesi. Akasema, hii hata mimi naweza. Akaagiza lesi za karatasi na maua ya kubandika, akatengeneza mifano, akampa kaka yake aliyekuwa akisafiri kuuza bidhaa za duka. Inasimuliwa kwamba alitumaini kupata oda za dola 200, kaka akarudi na oda za zaidi ya dola 5,000. Dada wa watu akaita wasichana wenzake, akawakalisha nyumbani kwao, huyu anakata, huyu anaweka karatasi ya rangi nyuma ya lesi, huyu anabandika ua, kadi ikitembea kutoka mkono hadi mkono. Aliiendesha kazi hiyo mpaka mwaka 1881 alipoiuza.

Nilimpenda dada huyu kwa sababu moja. Alikuwa amemaliza shule, hana ajira, amekaa kwao. Kama mimi na wewe. Lakini hadithi yake haikunipa jibu la swali lililokuwa likinikera, nalo ni hili: pambo lina faida gani? Maneno ya kadi yamekwisha semwa kwa chapa. Tarehe ipo, ukumbi upo, namba ya kutuma mchango ipo. Ua la nini? Na sisi tunaoandika, swali ni hilohilo. Kisa kinaweza kusemwa kwa kurasa mbili. Hizo tamathali zote, hayo mawingu yanayolia na miezi inayotabasamu, ni ya nini?

Jibu nililipata kwa bibi.

Bibi yangu, mzaa baba, alilelewa na kuolewa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Utotoni hakupelekwa shule. Serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikafika kambini kwao, bibi alikuwa tayari mama wa watoto. Alikuwa anarudi shamba, anapika, anaoga, anakwenda kukaa kwenye benchi na watu wazima wenzake kuimba silabi. Mpaka leo akikumbuka anasema, "Ba, be, bi, bo, bu, na mtoto mgongoni." Alijua kusoma. Alisoma barua, alisoma magazeti yaliyofungiwa sukari, alisoma kanga za wenzake kabla hawajapita vizuri.

Kwa hiyo mniwie radhi nikisema kwamba macho yake yalipoanza kwenda, kwetu haikuwa habari ya uzee tu. Ni presha ya macho. Daktari alitueleza bila kuzunguka: kuona kulikopotea hakurudi, matone haya ni ya kulinda kilichobaki. Bibi mwenyewe anasema anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba.

Bibi ana albamu. Ni moja ya zile albamu nene za miaka ya 1990, zenye kurasa za kunata na karatasi ya nailoni juu. Unafunua nailoni, unalaza picha, unafunika. Enzi hizo zilikuwa fahari ya sebule. Mgeni hajakunywa hata maji, keshapewa albamu. Na bibi hasimulii hewani. Husimulia juu ya picha. Anaweka kidole kwa babu aliyesimama studio na suruali pana, ndipo anaanza: huyu siku hii alikuwa ameazima viatu. Nusu ya riwaya yangu imetoka kwenye kidole hicho.

Mwaka jana nikagundua kwamba bibi haifungui tena. Anaipakata tu. Mgeni akija anaipapasa jalada, halafu anaiweka pembeni. Siku moja nilimkuta nayo peke yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Hebu nitazamie, hapa nimefungua kwa nani?"

"Kwa baba, bibi. Yuko na cherehani."

"Ahaa." Akakaa kimya. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa namsemesha babu yako."

Aliisema kwa kicheko, lakini hakusimulia chochote siku ile, wala siku zilizofuata.

Hapo ndipo nilipoiangalia albamu kwa macho ya kazi. Ilikuwa inakufa nayo. Gundi ya kurasa zile ilikuwa imegeuka kahawia, mistari mistari, na nailoni imegandamana na picha. Albamu za namna hiyo ndivyo zilivyo: gundi na plastiki yake huila picha polepole, na joto na unyevu wa pwani vinaiharakisha. Ukivuta kwa nguvu, sura inabaki kwenye ukurasa na wewe unabaki na karatasi nyeupe mkononi. Nikatumia uzi. Uzi wa cherehani, uliobaki kwenye kopo la marehemu baba. Unaupitisha nyuma ya picha, unaushika ncha mbili, unausukuma taratibu kwenda na kurudi kama msumeno, ukikata gundi bila kuivuta picha. Picha 61. Jioni kumi na moja. Mama akinipitia na kuniuliza kama hiyo riwaya imeisha.

Nikaamua kutengeneza albamu mpya, kurasa za manila nene, isiyo na gundi yoyote inayogusa picha. Na kila ukurasa uwe na alama ambayo bibi ataisoma kwa kidole, ili ajue amefungua kwa nani.

Nilianza na nilichokijua zaidi, mihuri. Nikachonga kwenye soli ya ndala, nikagonga kwa wino mweusi. Ikapendeza kweli. Bibi akapitisha kidole, akauliza, "Umeshaweka?" Wino hauna mwili. Kumbe pambo ambalo jicho linalisifia, kidole hakilijui kabisa.

Hapo nikamkumbuka Louis Braille, Mfaransa. Alizaliwa mwaka 1809, mtoto wa fundi wa ngozi. Akiwa na miaka mitatu alijichoma jicho kwa kifaa chenye ncha kwenye karakana ya baba yake, jicho jingine likaambukizwa, akawa kipofu. Alipopelekwa shule ya wasioona Paris, vitabu vyao vilikuwa na herufi za kawaida zilizonyanyuliwa juu ya karatasi: kubwa, nzito, za kusomwa kwa taabu. Yeye, akiwa na miaka kumi na mitano tu, aliachana na umbo la herufi, akabakiza nukta sita. Mwaka 1829 mfumo wake ukachapishwa. Ndiyo nukta nundu tunazozijua. Na chombo cha kutobolea nukta hizo kwenye karatasi ni ncha, ndugu ya ile iliyomchoma.

Bibi hakuwa na haja ya kuanza kisomo kingine katika umri ule, na alinikatalia waziwazi. Lakini somo la Braille nililichukua: usimletee kidole kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya jicho.

Basi nikaanza upya. Kidole hakisomi rangi, hakisomi michoro ya ndani. Kidole husoma ukingo. Kwa hiyo kila alama iwe na ukingo wake usiofanana na wa mwingine, na iwe nene: tabaka tatu za manila ya gramu 300, zimegandishwa pamoja. Alama moja kwa ukurasa, siku zote pembe ya juu upande wa kulia, ili mkono usitangetange. Na chini yake nikaweka nundu, moja kwa kila picha iliyomo, ili ajue zipo ngapi. Nundu nilizitengeneza kwa kalamu iliyokwisha wino: unaigeuza karatasi, unailaza juu ya soli ya ndala, unakandamiza kutoka nyuma. Upande wa mbele inachomoza kama chunusi.

Babu nikamkatia jani la mkonge, refu, lenye ncha. Nikabandika juu yake nyuzi za mkonge wa kweli, nilizochomoa kwenye kamba. Bibi alipoligusa hakusema kitu. Aliinama akalinusa.

Baba, aliyekuwa fundi cherehani, nikamkatia kitufe cha shati chenye matundu manne. Dada yangu aliyeolewa alitaka ukurasa wa harusi yake uwe na kopa, tena lenye vimetameta. Nikamkatia kopa, vimetameta nikavisahau kwa makusudi. Bibi akalipapasa, akakunja uso, akasema, "Hili jani la kiazi. Mmeniwekea matembele?" Nyumba nzima tulicheka mpaka dada akanuna. Lakini mtazame bibi: kopa la kadi zetu, linalomaanisha mapenzi kwa kila mpita njia wa Kariakoo, kwa mwanamke aliyelima na kuchuma mboga maisha yake yote ni tembele. Na tembele ni chakula. Tumeliacha hivyohivyo. Mpaka leo ni "ukurasa wa matembele", na anaufungua bila kukosea.

Mama, ambaye ametusomesha kwa kuuza maandazi, nikamkatia pembetatu nene iliyovimba katikati. Akaja juu: "Miaka yote hii niliyokulea, mimi ndiyo andazi?" Bibi akamjibu kutoka chumbani, "Nyamaza, umefanana."

Sasa kuhusu kushika. Picha zenyewe nilizifunga kwa pembe. Pembe ni pambo dogo kuliko yote tunayotengeneza, na dukani hulipwa kidogo kuliko yote. Unakata ukanda wa karatasi, sentimita tano kwa mbili na nusu. Unakunja ncha zake mbili zishuke zikutane katikati, unapata pembetatu yenye mfuko ndani. Unachomeka kona ya picha kwenye mfuko, unapaka gundi mgongoni mwa pembe peke yake, unabandika. Pembe nne, kona nne. Picha inakaa wala haijaguswa na gundi, na siku ukitaka kuitoa inatoka nzima. Ukitazama ukurasa, pembe zinapendeza, zimeipa picha fremu. Lakini hazipo pale kwa kupendeza. Zikitoka, picha inaanguka.

Nilikuwa nadhani nimemaliza. Nikampa bibi albamu, akaipitisha vidole ukurasa kwa ukurasa, akiita: mume wangu, mwanangu, matembele, andazi. Kufika mwisho akarudi mwanzo, akatulia kati ya ukurasa wa babu na wa baba.

"Hapa umeruka mtu," akasema.

Nikamwambia picha zote nimeweka, 61, nimehesabu.

"Sijasema picha. Nimesema mtu."

Ndipo akaniambia juu ya mtoto wake wa kwanza, wa kike, aliyefariki akiwa na miezi saba kule kambini, kabla kamera yoyote haijafika karibu naye. Jina lake alinitajia. Silitaji hapa, ni mali ya bibi. Miaka yote nimekaa na mwanamke huyu, nimemchimba visa vya riwaya kama mtu anayechimba kisima, wala sijawahi kulisikia jina hilo. Halikuwa na picha, na bibi husimulia juu ya picha.

Mikono yangu ikaenda kazini kabla ya akili. Zamani, kabla kamera haijasambaa, watu wa Ulaya wasio na fedha za mchoraji walikuwa wakikatwa sura zao kwa karatasi nyeusi, kivuli cha uso tu, paji, pua, kidevu. Nikamwambia bibi, nitakukatia hivyo, kichwa cha mtoto mchanga kwa upande, kwa manila nyeusi, kitapendeza sana, na utakigusa.

"Uso utautoa wapi?" akaniuliza.

Nikasema nitakisia. Anaweza kuwa alifanana na baba.

"Mimi mwenyewe sura yake imenitoka," akasema, taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Nimebaki na uzito wake tu. Ukimkata, nitaanza kumkumbuka huyo wako wa karatasi. Acha."

"Sasa niweke nini, bibi?"

Alifikiri kwa muda. Akaomba ukurasa mtupu. Akalaza kiganja chake katikati, akakifunga kidogo kama anayebeba kitu, akasema, "Zile pembe zako. Ziweke hapa, kuzunguka."

Nikaziweka. Pembe nne za manila nyeupe, kuzunguka nafasi ya kiganja kimoja, hazikushika kitu. Upande wa juu kulia, mahali pa alama, alikataa alama. Nundu alitaka moja.

Msomaji, sitaki kukupambia jambo hili, ndiyo maana nitalisema kwa ufupi. Ukurasa ule hauna picha, na bibi anasimulia juu yake. Anaweka vidole kati ya pembe nne na anasema. Mengine amenisimulia mimi, mengine amemsimulia mama mlango ukiwa umefungwa. Mgeni aliyepewa albamu siku ya Idi aliuliza kama picha imedondoka. Bibi akamjibu, "Haijadondoka. Imeshikwa."

Nimelifikiria sana neno hilo nikiwa dukani nazungusha mkono wa mashine. Sisi vijana tunaoandika, tunapenda kupamba. Tumefundishwa shuleni kuhesabu tamathali: hii tashbiha, hii tashihisi, taja tano. Tukikaa kuandika tunazimwaga kama vimetameta. Wengine, wakichoka na hayo, wanageuka upande wa pili, wanasema pambo lote ni uongo, andika makavu. Mimi siku hizi sikubaliani na upande wowote. Naiuliza kila sentensi yangu swali la pembe: je, unashika nini? Mwezi ukitabasamu kwenye ukurasa wangu, je, nikiuondoa kuna kitu kitaanguka? Kama hakianguki, hauna kazi, aende zake. Kama kinaanguka, basi huo si urembo tu. Ndio unaobeba.

Na kuna mahali ambapo mwandishi lazima aweke pembe tupu. Riwaya yangu ina mwanamke wa kambi ya mkonge. Nilikuwa nimemwandalia sura nzima ya mtoto aliyekufa, yenye machozi, mvua na mbwa anayebweka mbali. Sitaiandika. Nitaweka mambo manne yenye uhakika kuzunguka pale: benchi la kisomo, ba be bi bo bu, mgongo wenye mtoto, na siku nyingine mgongo usio na mtoto. Msomaji mwenye kidole atapafika.

Kuhusu duka, sina habari njema ya kuwapa. Kadi za simu zinaendelea kutupiga. Lakini jirani mmoja aliiona albamu ya bibi, akaniletea picha za marehemu mumewe, zimegandamana kwenye albamu ya nailoni kama zilivyokuwa zetu. Halafu akaja mwingine. Si utajiri, ni kazi ya uzi na subira. Kama nyumbani kwenu mnayo albamu ya namna hiyo, nakusihi usiivute picha kwa kucha. Tafuta uzi mwembamba. Anza kona moja.

Imebaki kazi moja. Albamu ina ukurasa wa mwisho, na huo ni wa bibi mwenyewe. Kila mtu ana alama yake isipokuwa yeye. Nilipendekeza kitabu, kwa sababu ya kisomo, akasema hapana. Dada akapendekeza kanga. Akasema kanga haina ukingo, na hapo nikajua kwamba mwanafunzi amempita mwalimu. Anasema bado anafikiri, nisimharakishe, atanitajia akiwa tayari. Manila nimeshanunua, gramu 300. Nimeipinda, nimejua nyuzi zimelala upande gani. Ninamsubiri yeye tu.